Kizibo chekundu hakikupi rangi nyekundu

Watu wengi wanadhani kugeuza taka za plastiki kuwa rangi ya ukuta ni kuchukua vizibo vyekundu, unaviyeyusha, unachanganya na kitu cha majimaji, basi unapaka. Hapana jamani. Na lugha nayo inatuponza, neno rangi tunalitumia kwa ile ya kwenye kopo na kwa ule wekundu wenyewe, kumbe ndani ya kopo kuna pigimenti, yaani unga laini mno unaoleta rangi, halafu kuna gundi inayoushikilia ukutani, vitu viwili tofauti kabisa.

Sasa ule wekundu wa kizibo ni asilimia chache tu ya uzito wake, iliyobaki ni plastiki tupu, na kuuchomoa humo ni kazi kwelikweli. Ndo maana zile chupa za maji za PET zikivunjwavunjwa kwa joto na glaikoli (kemikali ya majimaji) kiwandani zinatoa malighafi ya gundi, sio pigimenti. Pigimenti ya taka iliyo rahisi kidogo ni nyeusi, ile kaboni inayobaki matairi yakipashwa moto mkali bila hewa (na hayo ni mpira, wala sio plastiki), ukiishika inakuachia vidole vyeusi kama masizi ya sufuria.

Kusaga plastiki na kuimwaga kwenye kopo nako usikuite rafiki wa mazingira, rangi ikibanduka ule unga unaishia mtaroni. Kuchoma uani ndo usijaribu kabisa, PVC, ile plastiki ya mabomba, ikiungua inatoa gesi ya asidi inayokaba koo.