Ufuatiliaji shirikishi wa ubora wa maji katika bonde la mto: maana yake na jinsi unavyopangwa

Ufuatiliaji shirikishi wa ubora wa maji ni mpango ambao watu na taasisi za bonde moja la mto wanapima maji kwa njia moja na kwa ratiba moja, kisha wanaweka matokeo mahali ambapo kila mmoja wao anaweza kuyasoma. Bonde ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha, maji yake huishia katika mto huo. Kwa Mto Nairobi ni mashamba ya Kikuyu, paa za Kangemi, mitaro ya Mathare, nyua za viwanda. Wingi wa watu wenye vichupa kando ya mto hautoshi kuufanya mpango uwe shirikishi. Unakuwa shirikishi pale ambapo namba iliyoandikwa na kikundi cha vijana huko Korogocho inaweza kuwekwa kando ya namba ya maabara ya serikali, na mtu akazilinganisha bila kudanganyika. Hilo linahitaji makubaliano yaliyoandikwa kabla ya mtu yeyote kuchota maji.

Nairobi inaonyesha kwa nini. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ndani ya Kaunti ya Kiambu. Mto Mathare unapita kaskazini mwa jiji. Mto Ngong, ambao sehemu yake ya juu huitwa Motoine, unaingia Bwawa la Nairobi karibu na Kibera, kisha unapita Eneo la Viwanda na Mukuru. Yote huungana upande wa mashariki na kuingia Mto Athi, ambao huko chini huitwa Galana na mwishowe Sabaki, na kufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Mamlaka ya Rasilimali za Maji inasimamia mto na vibali vya kutumia maji yake. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, inashughulika na uchafuzi. Kampuni ya maji ya jiji ina mabomba ya majitaka na mitambo ya Kariobangi na Ruai. Kaunti zina takataka na mitaro. Tume ya Mito ya Nairobi iliundwa mwaka 2022. Kila mmoja anashika kipande chake, na mto haujui mpaka wa kipande hata kimoja. Sheria ya Maji ya 2016 inazitambua jumuiya za watumiaji wa rasilimali za maji, na pale zilipo hai ndizo mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu tayari zina wanachama, katiba na uhusiano na Mamlaka.

Swali huja kabla ya vifaa

Mipango mingi huanza kwa kununua mita, yaani vifaa vya kupimia maji. Ni makosa. Anzeni kwa kuandika swali moja au mawili ambayo data italazimika kujibu, na jina la ofisi itakayopokea jibu. "Tunataka kujua hali ya mto" si swali. "Je, kati ya daraja hili na lile kuna majitaka yanayoingia wakati wa kiangazi?" ni swali, na linawaambia mpime nini, wapi na lini.

Matumizi ya data ndiyo yanayopanga ukali wa kazi. Kwa kufundishia shuleni, vijiti vya rangi, vinavyobadilika rangi vikichovywa majini, vinatosha. Kwa kutafuta bomba lililopasuka au mahali uchafu unapoingilia, mnahitaji mita zilizokalibriwa, yaani zilizorekebishwa kwa kimiminiko ambacho namba yake inajulikana, na rekodi safi. Kwa kesi mahakamani, sampuli inapaswa kuchukuliwa na mkaguzi wa mazingira kwa utaratibu wa kisheria, ifungwe kwa lakiri, na kila mkono iliyopitia uandikwe mpaka maabara iliyoidhinishwa. Data ya wananchi haiwezi kuchukua nafasi hiyo, na haina haja. Kazi yake ni kumwambia mkaguzi aende wapi na afike saa ngapi.

Kuchagua vituo

Vituo 10 hadi 12 vinavyopimwa kila mwezi bila kukosa vina thamani kuliko 40 vilivyopimwa mara mbili. Wekeni kimoja juu kabisa kabla ya jiji, kimoja kabla na kimoja baada ya kila mahali mnaposhuku, kimoja kwenye kila kijito kabla hakijaingia mto mkubwa, na kimoja chini kabisa, tuseme Njiru au Ruai. Baada ya mahali uchafu unapoingilia, nendeni chini ya kutosha ili maji yawe yamechanganyika. Ukichota mita 10 tu chini ya bomba, unapima bomba upande mmoja wa mto na maji ya juu upande wa pili. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kupima konduktiviti, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme kwa sababu ya chumvi zilizomo, ukingo mmoja, katikati na ukingo wa pili. Zikikaribiana, maji yamechanganyika.

Jihadharini na kituo cha juu kabisa. Maji yanayotoka kwenye kinamasi au chemchemi huwa na oksijeni kidogo kwa asili, kwa hivyo namba ndogo ya oksijeni pale Ondiri si ushahidi wa uchafuzi. Vivyo hivyo floridi: miamba ya volkano ya eneo hili huitoa yenyewe, na visima vingi vya Nairobi vinayo ya kupindukia bila kiwanda chochote kuhusika.

Nini cha kupima

Kuna msingi unaokubalika duniani. Kiashiria 6.3.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, kinachosimamiwa na Mpango wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa wenye makao makuu hapa Gigiri, hutumia makundi matano kwa mito: oksijeni, chumvi, nitrojeni, fosforasi na asidi. Kwa mto unaopita mjini ongezeni joto la maji, kiasi cha tope na bakteria wa kinyesi, yaani E. coli.

Oksijeni iliyoyeyuka ndiyo inayosema mengi na ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa uzembe. Jiji liko juu ya bahari kwa mita 1,600 na zaidi, na hewa ni nyembamba. Maji ya nyuzi 20 pwani yanaweza kubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita yakiwa yamejaa, lakini hapa hujaa kwa takriban 7.5. Mita isiyoambiwa kanieneo ya hewa ya Nairobi itatoa asilimia za uongo, na kikundi kitadhani mto mzuri ni mgonjwa. Mita za utando, zenye ngozi nyembamba ya kupitisha oksijeni kwenye ncha, zinahitaji kutikiswa taratibu majini, la sivyo zinakula oksijeni iliyo mbele yao na namba inashuka yenyewe. Mafuta yaliyo kwenye Mto Ngong huziba utando huo, hivyo usafishwe baada ya kila kituo. Pia oksijeni hubadilika na saa: palipo na mwani, alasiri huwa juu na alfajiri chini. Kwa hiyo kila kituo kipimwe saa ile ile kila mwezi, hata kama foleni za Jogoo Road zinawalazimisha kugawana timu mbili.

Mita ya pH, yaani kipimo cha asidi, hukalibriwa asubuhi ya kazi kwa vimiminiko vya 4, 7 na 10, na ncha yake huhifadhiwa kwenye kimiminiko chake cha kuhifadhia, kamwe si kwenye maji yaliyotoneshwa (yaliyoondolewa chumvi zote), ambayo huiharibu polepole. Konduktiviti hupanda takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Thibitisheni kwamba mita inarekebisha namba kuwa ya nyuzi 25, na ikaguliwe kwa kimiminiko ambacho konduktiviti yake ni maikrosimensi 1,413.

Nitrojeni ina mtego ulioharibu hifadhidata nyingi. Kifaa kimoja huandika nitrati yote, kingine huandika nitrojeni iliyomo ndani ya nitrati peke yake, na tofauti ni mara 4.43. Fomu iseme ni ipi. Na pale kifaa kisipoona kitu, andikeni "chini ya 0.05" au kikomo chochote cha kifaa hicho. Msiandike sifuri.

Kwa E. coli, chupa iwe imetakaswa na isisuuzwe mtoni. Iwekwe kwenye kibaridi chenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 6. Kosa la kawaida ni kutoyazimua maji. Mililita moja ya maji machafu ya mto ikiwekwa moja kwa moja kwenye sahani ya kuoteshea huotesha makoloni, yaani madoa ya bakteria, yasiyohesabika. Zimueni mara 100 au 1,000. Makoloni 24 baada ya kuzimua mara 1,000 ni 24,000 kwa mililita, yaani 2,400,000 kwa mililita 100.

Wadudu wa majini wasisahaulike. Njia ya miniSASS kutoka Afrika Kusini hutumia makundi 13 ya viumbe vinavyoonekana kwa macho, kila kundi na alama yake. Hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya makundi yaliyopatikana. Mita husema hali ya dakika ile, bali wadudu hubeba historia ya wiki kadhaa, kwa hivyo majitaka yanayofunguliwa usiku hayawezi kuwakwepa. Huko ambako mto umekufa kabisa njia hii haina la kuongeza, lakini kwenye vijito vya juu ni bora kuliko vijiti vya rangi.

Kuchota kwenyewe ni jambo fupi: simama ukitazama maji yanakotoka, suuza chupa ya kawaida mara 3 kwa maji ya hapo, izamishe sentimita 20 hadi 30 pale mkondo unapokwenda, usitibue tope kwa miguu. Watu wawili daima, gambuti na glavu ndefu, na chanjo ya pepopunda kwa kila anayeshuka mtoni, kwa sababu kingo za mto huu zina vioo na sindano.

Namba pekee haitoshi bila mtiririko

Wakati wa masika maji huonekana kuwa safi zaidi kwenye karatasi, na mtu akasema mto umepona. Pimeni mtiririko: chukueni mita 10 za mto ulionyooka, rusheni chungwa, pimeni sekunde, zidisheni kasi kwa 0.85, kisha kwa upana na kina cha wastani. Mto unaopitisha lita 1,000 kwa sekunde ukiwa na miligramu 30 kwa lita unabeba kilo 2,592 za uchafu huo kwa siku. Mtiririko ukiongezeka mara tatu na ukolezi ukapungua nusu, mzigo umepanda hadi kilo 3,888. Anayekaa chini ya mto anapokea mzigo wote huo. Mvua za kwanza za Machi na Oktoba ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa huosha mitaro iliyojaa tangu kiangazi. Zipangieni safari ya ziada, na data yake itengwe isichanganywe na ya kila mwezi.

Kuaminiana kunajengwa kwa sampuli pacha

Katika kila sampuli 10, moja ichukuliwe mara mbili. Kila safari ibebe chupa ya maji yaliyotoneshwa inayofunguliwa mtoni na kupimwa kama nyingine. Ikionyesha uchafu, chupa zenu ni chafu. Na mara moja kila robo mwaka, vikundi vyote vikutane kituo kimoja, vigawane ndoo moja ya maji pamoja na maabara rasmi. Siku hiyo ina faida kuliko semina yoyote, maana tofauti zinaonekana hapo hapo na kila kikundi kinajua kama mita yake huelekea kusoma juu au chini.

Makubaliano yaseme data ni ya nani, inatangazwa lini, na nani anampigia nani simu oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita. Yaseme pia kwamba matokeo mabaya hutangazwa sawa na mazuri. Tangazeni kwa jina la kituo, si jina la kiwanda: namba kati ya madaraja mawili inaonyesha mahali, haionyeshi mkosaji. Na msitumie viwango vya majitaka kuhukumu mto. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka miligramu 30 kwa lita kwa BOD (oksijeni ambayo vijidudu huitumia kuozesha uchafu), 50 kwa COD (oksijeni inayohitajika kuuchoma uchafu huo kwa kemikali) na pH ya 6.5 hadi 8.5 kwa maji yanayotoka kwenye bomba kuingia mtoni. Mto wenye BOD ya 29 haujapita mtihani wowote.

Taasisi ya umma ikikataa kuleta data yake mezani, Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa raia haki ya kuiomba, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21.

Mipango hii hufa mwaka wa pili, wakati kemikali zimeisha muda na hakuna aliyepangiwa kununua nyingine. Nunueni za miezi sita kwa wakati mmoja, andikeni tarehe ya kufunguliwa kwenye kila chupa, na katika bajeti wekeni ncha mpya ya pH tangu mwanzo, kwa sababu huchoka baada ya mwaka mmoja au miwili hata ikitunzwa vizuri. Miezi 12 ikitimia na mvua zote mbili zikiwa zimepita, kaeni na data yote. Vituo viwili vilivyokwenda sambamba mwaka mzima, kimoja kiondolewe, na fedha yake iende kwenye kijito ambacho bado hakijapimwa.