Kutembea Pate kwa vijia vya wakulima wa tumbaku

Wageni ninaowatembeza huniuliza nyumba ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ni ipi. Siwaonyeshi moja. Mshairi huyo aliyetunga utenzi wa Al-Inkishafi aliulilia mji mzima wa Pate uliogeuka magofu, basi anayetaka kumfuata na aupitie mzima, kwa miguu.

Kwanza maji. Boti za kutoka Lamu hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda hautaki haraka: maji yakipwa, mnasubiri. Mkishuka kwenye gati la Mtangawanda, Pate ni mwendo wa kama saa moja. Bodaboda zipo, lakini si tumekuja kutembea?

Magofu yamezungukwa na mashamba ya tumbaku. Wapo wanaotaka ichongwe njia pana, iliyonyooka, yenye kibao kila kona. Mimi sikubali. Kila kilima cha mawe pale ni nyumba iliyoanguka, na chini yake sakafu ingali imelala. Ukinyoosha njia, umepasua chumba cha watu. Vijia vya wakulima vinapinda na kuzizunguka kuta, havizipandi, na hivyo ndivyo ninavyofuata. Tembeeni mmoja nyuma ya mwenzake, msikanyage miche, na mkimkuta mwenye shamba, salamu kwanza, kamera baadaye.

Penye ukuta uliosimama, tulia. Ni matumbawe na chokaa. Tazama juu, utaona safu ya matundu yalimoingia boriti za mikoko. Boriti ya kubeba dari zito la mawe na chokaa haiwezi kuachwa ivuke mbali, ndiyo maana vyumba vya mawe vya pwani hii ni virefu lakini vyembamba, mara nyingi hata mita 3 upana havifiki. Tajiri alijenga kirefu, kupanua hakuweza.

Kisha tafuta vidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo. Vilipangwa kwenye ukuta wa ndani kabisa, ili vyombo vya China vionekane tangu uwanjani. Mshairi anasema humo sasa wamelala makinda ya ndege. Wengi hudhani ni usanii tu, mpaka wachungulie. Chungulia, usiguse: plasta ya chokaa iliyoachwa na mvua hubanduka kwa kidole kimoja, na hakuna fundi atakayeirudisha ilivyokuwa.

Wenye miguu mizuri huunganisha hadi Siyu, mji mwingine wa kisiwa hiki, kuiona ngome. Maji ya kunywa chukueni Pate, na ondokeni kabla jua halijapanda.