Je, wajua kwa nini mtu mzima anaweza kukatika katikati ya sentensi na yeye mwenyewe asijue?

Mtu anakuhadithia, "basi nilipofika nikamkuta anaosha..." halafu kimya. Macho wazi yanaangalia mbele, kope zinapepesa kidogo, kikombe bado kiko mkononi, unamwita haitiki, unahesabu moja mpaka kumi hivi, mara anaendelea "...vyombo" kama vile hakuna kilichotokea. Ukimuuliza vipi umezubaa, anakushangaa wewe.

Hicho kinaweza kuwa kifafa. Najua wengi tukisikia kifafa tunawaza mtu kaanguka chini anatetemeka na povu linamtoka, lakini hiki cha kuzubaa hakimwangushi mtu, ndio maana anaitwa mvivu au hasikilizi miaka na miaka, na kwa kweli inauma sana.

Sasa kinatokeaje? Kwa kawaida seli za ubongo zinatumiana taarifa kila moja kwa wakati wake. Kuna sehemu ya katikati ya ubongo inaitwa thalamasi, inapokezana umeme na tabaka la nje la ubongo, na kifafa hiki kikianza pande hizo mbili zinashikana mdundo mmoja, mawimbi kama matatu kila sekunde, ubongo mzima kwa pamoja. Watafiti wa Marekani kina Gibbs, Davis na Lennox waliuonyesha mdundo huo kwenye kipimo cha EEG, kile kinachosoma umeme wa ubongo, mwaka 1935 na mpaka leo madaktari wanautafuta huohuo. Seli zote zikiwa kwenye ngoma moja hakuna ya kusikia wala ya kuweka kumbukumbu, halafu ngoma inakatika ghafla na mtu anarudi palepale alipoachia. Aliyezama kwenye mawazo tu ukimgusa bega anashtuka, huyu humrudishi hata ukimgusa.

Hapa ndio watu wazima wanapochanganyiwa mambo. Kifafa hiki kwa kawaida huanza utotoni au ujanani, wengi kinawaacha, wengine wanakua nacho. Mtu akianza kuzubaa ukubwani kabisa, mara nyingi ni kifafa kingine kinachoanzia sehemu moja ya ubongo: kinachukua nusu dakika mpaka dakika mbili, anatafunatafuna au anapapasa nguo, na akizinduka anakuwa amechanganyikiwa au kachoka. Kwa macho vinafanana lakini dawa sio zilezile, kabamazepini na fenitoini zinasaidia hicho cha pili ila cha kuzubaa zinaweza kukizidisha! Kwa hiyo mrekodi kwa simu, sekunde 20 tu, mpelekee daktari, ile klipu inamsaidia kuliko maelezo yako yote. Kwenye EEG anaweza kuambiwa apumue haraka kama dakika 3, ni makusudi, kupumua hivyo kunakiamsha kifafa hiki kionekane.

Dawa zinazotumika sana kwa kifafa cha kuzubaa ni ethosuksimaidi, valproeti na lamotrijini. Ethosuksimaidi haizuii kifafa cha kuanguka, kwa hiyo mwenye vyote viwili hupewa nyingine. Valproeti inaweza kumdhuru sana mtoto tumboni, mwanamke anayeweza kupata mimba aongee na daktari mapema, ila asiiache ghafla mwenyewe. Kinachoharibu zaidi ni kuruka dozi, kukosa usingizi na pombe, na hapo kwenye usingizi naomba tusifanye mchezo, usiku mmoja wa kukesha unatosha kukileta.

Kuendesha gari ni mpaka daktari na sheria ziruhusu. Piga hesabu, gari likiwa kwenye 80 kwa saa, sekunde 10 ni zaidi ya mita 200 bila dereva. Kuogelea peke yako nako acha, ngazi ndefu vilevile.

Ukiwa naye hakuna cha kumfanyia kikubwa, usimtikise wala kumtia kitu mdomoni, msogeze tu mbali na moto au barabara. Ila akizubaa zaidi ya dakika 5, au akashinda kama mtu wa usingizini, anajibu polepole, hajui yuko wapi, hospitali hapohapo, kuna kifafa kinachoendelea hata masaa bila mtu kuanguka. Na kama ni zile sekunde kumi tu na amerudi, usimcheke, mwambie kwa upole "ulikuwa unaniambia ulimkuta anaosha vyombo", mwache aendelee.