Sosi ya pilipili ya nyumbani: maswali na majibu kuhusu usalama wake

Mche mmoja wa pilipili ukikubali, huzaa kuliko nyumba nzima inavyoweza kula. Sosi ni njia nzuri ya kuhifadhi mavuno hayo. Tatizo ni imani iliyoenea kwamba pilipili, kwa ukali wake, hujihifadhi yenyewe. Majibu haya ni kwa anayetaka kuweka chupa kabatini kwa miezi kadhaa, kisha aifungue na kula bila wasiwasi.

Pilipili ni kali kiasi kile. Kuna bakteria anayeweza kuishi humo?

Yupo, na hili ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote. Ukali hutokana na kapsaisini, kemikali inayochokoza mishipa ya fahamu ile ile inayohisi moto. Sosi inaweza kukutoa machozi na bado ikawa makao mazuri ya vijidudu. Kinachohifadhi sosi ni asidi, yaani uchachu.

Uchachu hupimwa kwa pH: namba ikishuka, uchachu umezidi. Mpaka wa usalama ni 4.6, na pilipili mbichi nyingi ziko juu yake, hata kufikia 5 na zaidi. Kwa hiyo pilipili iliyosagwa na maji na chumvi kidogo, ikafungwa kwenye chupa na kuwekwa kabatini, inamfaa sana bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Makao yake ni udongo, huo huo unaorukia pilipili zako mvua inaponyesha. Spora zake, yaani chembe zake ngumu kama mbegu, hukaa kimya hadi zipate mahali pasipo na hewa wala asidi ya kutosha; hapo huamka, na bakteria hutengeneza sumu inayosababisha ugonjwa wa botulizimu. Mwaka 1977, katika mji wa Pontiac, jimbo la Michigan nchini Marekani, zaidi ya watu 50 waliugua ugonjwa huo baada ya kula pilipili aina ya jalapeño zilizohifadhiwa kienyeji bila kufuata njia salama. Ukali wake haukuwasaidia.

Nikiichemsha kwa muda mrefu, je?

Haitoshi. Kuchemsha huua ukungu, hamira na bakteria walio hai, lakini spora huhitaji joto la nyuzi 121, ambalo maji ya kawaida hayafiki bila mgandamizo. Ndiyo maana tunategemea asidi: spora hata zikibaki, haziwezi kuamka.

Siki kiasi gani?

Tumia siki yenye asidi ya asilimia 5. Kiwango huandikwa kwenye chupa. Kipimo ninachokipendekeza kwa anayeanza ni kikombe kimoja cha siki kwa kila kikombe cha pilipili zilizokatwa, bila kuongeza maji. Lenga pH ya 4.0 au chini yake ili ubaki na nafasi ya kukosea. Pima sosi iliyokwisha kusagwa na kupoa. Ukitumia karatasi za kupimia, chuja kwanza upate maji yake, kwa sababu rangi nyekundu ya sosi huipaka karatasi na kukudanganya. Kipimo cha umeme ni bora zaidi.

Vitunguu, kitunguu saumu na karoti vina asidi kidogo, hivyo kila unapoviongeza unaivuta pH juu. Usibadilishe vipimo kwa kukisia. Ndimu nayo hutofautiana uchachu tunda kwa tunda. Iweke kwa ajili ya ladha, isichukue nafasi ya siki.

Hatua zenyewe zikoje?

Chagua pilipili ngumu zisizo na madoa. Ukiikata moja na kukuta ndani pamekuwa peusi karibu na kikonyo, itupe yote, hata kama ngozi yake inang'aa. Osha, ondoa vikonyo, kata, kisha chemsha na siki na chumvi kwa dakika 15 hivi katika sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini haifai, maana siki huila.

Fungua madirisha. Mvuke wa pilipili huingia kifuani na kuleta kikohozi kikali. Watoto na wenye pumu wakae mbali. Acha mchanganyiko upoe kabla ya kusaga, kwani blenda iliyojazwa sosi ya moto hurusha mfuniko. Rudisha jikoni ichemke tena, mimina ingali moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa dakika 10, acha nafasi ya sentimita moja juu, futa mdomo wa chupa na ufunge kwa mfuniko mpya. Kisha tumbukiza chupa zote kwenye maji yanayochemka, maji yafunike vifuniko, kwa dakika 10 hadi 15. Nyanda za juu maji huchemka kwa joto la chini, kwa hiyo ongeza dakika 5 au zaidi kulingana na mwinuko.

Chupa ikishafunguliwa, iwekwe kwenye friji.

Na ile ya kuchachusha kwa chumvi, bila siki?

Ni salama ikifanywa kwa kipimo. Hapa asidi hutengenezwa na bakteria wema walio kwenye pilipili zenyewe, na chumvi huwapa nafasi ya kuwatangulia wabaya. Pima kwa mizani: gramu 25 hadi 30 za chumvi kwa kila kilo ya pilipili. Vijiko hudanganya, kwa kuwa chumvi laini na ya mawe hazilingani uzito. Pilipili zizame kabisa ndani ya maji yake. Kinachoelea ndicho kinachoota ukungu. Siku chache baadaye utaona vipovu vikipanda pembeni mwa chupa. Legeza mfuniko kila siku ili hewa itoke, la sivyo chupa inaweza kupasuka.

Baada ya wiki moja hadi tatu, pima pH kabla ya kusaga. Utando mweupe laini juu ya maji mara nyingi ni hamira isiyo na madhara, unaweza kuuondoa. Ukiona manyoya, au rangi ya kijani, nyeusi au waridi, mwaga yote. Sosi hii bado ina uhai ndani yake, kwa hiyo ihifadhi kwenye friji.

Naweza kuihifadhi kwa kuifunika na mafuta?

Kabatini, hapana. Mafuta hayana asidi, na yanafukuza hewa, jambo ambalo bakteria yule analipenda. Pilipili au kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta kikae kwenye friji kwa siku zisizozidi 4, au kigandishwe.

Mikono inawaka baada ya kukata. Nifanye nini?

Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji lakini huyeyuka kwenye mafuta. Paka mafuta ya kupikia, sugua, kisha osha kwa sabuni. Jicho lisafishwe kwa maji mengi safi yanayotiririka, bila kulisugua. Kinywani, maziwa husaidia kuliko maji. Vaa glavu mapema. Sehemu kali zaidi ni ile nyama nyeupe inayoshika mbegu.

Pilipili huleta vidonda vya tumbo?

Hapana. Vidonda vingi huletwa na bakteria Helicobacter pylori au matumizi ya muda mrefu ya dawa kama aspirini na ibuprofeni. Lakini mwenye kidonda au kiungulia anaweza kuumia zaidi akila pilipili, na huyo ana haki ya kuiacha.

Nitajuaje kwamba sosi imeharibika?

Mfuniko uliovimba, sosi inayoruka chupa inapofunguliwa, harufu ngeni: usionje hata kidogo. Ifunge vizuri na kuitupa mahali ambapo watoto na wanyama hawafiki. Ila sumu ya botulizimu inaweza kuwemo bila harufu wala ladha, ndiyo maana pH ni muhimu kuliko pua.

Dalili kwa kawaida huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula, ingawa zinaweza kuchelewa siku kadhaa: kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, kinywa kukauka, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza, kisha udhaifu unaoshuka mikononi na miguuni. Mara nyingi hakuna homa. Usisubiri kesho, nenda hospitali mara moja, kwa sababu sumu hii hufika hadi kwenye misuli ya kupumua. Dawa ya kuizuia ipo, na husaidia zaidi inapotolewa mapema. Mwambie daktari ulichokula, na umpelekee chupa yenyewe ikiwa imefungwa.