Orodha ndefu ya shukrani haileti utulivu zaidi

Wengi huanza daftari la shukrani kwa kujilazimisha kuandika mambo kumi kila usiku, wakiamini kwamba kadiri orodha inavyorefuka ndivyo nafsi inavyotulia. Sivyo. Baada ya muda kila ukurasa unasomeka vilevile: afya, familia, kazi. Akili huzoea kinachorudiwa, na kilichozoeleka hakigusi tena.

Katika utafiti wa mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake uliochapishwa mwaka 2005, washiriki waliandika mambo matatu tu yaliyokwenda vizuri siku hiyo, kila usiku kwa wiki moja, na kwa kila jambo wakaeleza kwa nini lilitokea. Hiyo "kwa nini" ndiyo watu huiruka, nayo, kwa maoni yetu, ndiyo kazi yenyewe.

Kwa hiyo matatu yanatosha, hata moja ukiwa umechoka, mradi liwe la leo na liwe mahususi. "Nashukuru kwa rafiki" ni maneno matupu. "Alinipigia kabla ya usaili kwa sababu aliikumbuka tarehe" lina uzito. Sentensi mbili kwa kila jambo, dakika tano hadi kumi kwa jumla. Ukijikuta unanakili ya jana, punguza siku za kuandika: mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky na wenzake waliona waliohesabu neema zao mara moja kwa wiki wakinufaika zaidi kuliko waliofanya hivyo mara tatu.

Wala usijifanye siku mbaya ilikuwa njema. Lililouma liandike kwanza. Huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, muone mhudumu wa afya.