Flin Flon Bombers, timu ya vijana iliyolelewa na mgodi

Watu wakijua nafuatilia historia ya hoki ya barafu wanategemea niwape habari za Toronto na Montreal, lakini mimi ukinipa nafasi nakupeleka Flin Flon. Ni kamji ka watu kama 5,000 hivi kaskazini mwa Kanada, mpaka wa Manitoba na Saskatchewan umekapitia humo humo, na ukitoka Winnipeg kwa gari ni zaidi ya kilomita 700. Kamekaa juu ya mwamba mtupu, mgumu kweli kweli, kiasi kwamba sehemu nyingi walishindwa kufukia mabomba ya maji taka wakayapitisha juu ya ardhi ndani ya masanduku marefu ya mbao, na watu wakageuza hayo masanduku kuwa njia ya kutembelea. Sasa mji wa namna hiyo ulibebaje kombe la vijana la Kanada nzima? Jibu langu ni fupi, mgodi. Ila hilo jibu lina mambo mengi ndani yake.

Kwanza kwa asiyeijua hii hoki ya vijana. Wachezaji ni wa miaka 16 hadi 20, wengi wanaondoka kwao wadogo kabisa wanaenda kukaa na familia za watu kwenye mji wa timu, na ligi kuu yaani NHL huko ndiko inakochota sehemu kubwa ya wachezaji wake. Kwa hiyo timu ya mji mdogo shida yake ya kwanza ni moja tu, kijana mwenye kipaji atoke mbali aje kwako kwa sababu gani?

Kampuni ya Hudson Bay Mining and Smelting ilianzishwa 1927 kwa hela ya familia ya Whitney ya New York, wachimbe shaba na zinki, na Bombers nao wakaanza mwaka huo huo, mwanzoni timu ya watu wazima. Hata uwanja wao mpaka leo unaitwa Whitney Forum. Kampuni ndiyo iliyokuwa mwajiri mkubwa wa mji, hivyo kijana akija kucheza kulikuwa na kazi inamsubiri na mshahara juu, na zamu zinapangwa apate muda wa mazoezi. Miji mingine mingi midogo haikuwa na kitu kama hicho cha kumpa mtu. Ndio maana nikisikia mtu anasema Flin Flon walikuwa na bahati ya vipaji nakataa, vipaji vilifuata ajira.

Mwaka 1957 wakafika fainali ya Memorial Cup, hilo ndilo kombe la vijana la Kanada, na waliokutana nao ni Ottawa Canadiens, timu iliyokuwa mkononi mwa Montreal Canadiens waliokuwa mabingwa wa NHL wakati huo, kocha Sam Pollock. Yaani upande mmoja shule ya vipaji ya klabu kubwa kuliko zote, upande wa pili vijana wa mgodini. Fainali ilikuwa ya mechi kadhaa, wa kwanza kushinda nne anabeba, ikaenda mpaka mechi ya saba, Bombers wakabeba. Mmoja wa nyota wao alikuwa Ted Hampson, mzaliwa wa Togo, na Togo hapa ni kijiji cha Saskatchewan, sio nchi ya Afrika Magharibi, halafu akaja kucheza NHL miaka mingi.

Lakini kipindi ninachokipenda zaidi ni cha kocha Pat Ginnell kuanzia 1966. Huyu alitaka timu ngumu, inakimbia mwanzo mwisho na inagonga watu, na sifa ikaenea mpaka ikazuka homa ya Flin Flon, maana wachezaji wa timu pinzani walikuwa wanaamka wagonjwa siku basi linapoondoka kwenda kule. Na kweli fikiria, safari ya masaa na masaa kwenye baridi ya kaskazini, unashuka unakuta uwanja wa watu kama 2,000 wote wanakupigia kelele na Ginnell kakuandalia vijana wake.

Kwenye timu hiyo kulikuwa na Bobby Clarke, mtoto wa hapo hapo mjini, baba yake mfanyakazi wa mgodi na yeye mwenyewe kapita mgodini. Winga wake alikuwa Reggie Leach, Muojibwe, yaani wa moja ya makabila ya wenyeji asilia wa Kanada, kutoka Riverton, Manitoba. Msimu wa 1967-68 kwenye mechi 59 Leach alifunga magoli 87, na Clarke ukijumlisha magoli na asisti alifikisha 168! Sikuoni ukiyapata haya sehemu nyingi.

Tatizo Clarke alikuwa na kisukari tangu utotoni, kile cha kudunga insulini, na timu za NHL zikaogopa. Ginnell hakukubali kijana wake apotee hivi hivi, akampeleka Mayo Clinic, hospitali kubwa kule Minnesota, Marekani, madaktari wakampima wakaandika barua kwamba akijitunza vizuri hakuna cha kumzuia kucheza. Pamoja na barua hiyo, siku ya drafti ya 1969, pale timu za NHL zinapochagua vijana kwa zamu, kila timu ilimruka raundi ya kwanza, hata Philadelphia Flyers wenyewe, ndipo wakamchukua raundi ya pili akiwa mtu wa 17. Akawa kapteni wao, wakabeba Stanley Cup, kombe la NHL, 1974 na 1975. Leach naye akamfuata Philadelphia na 1975-76 akafunga magoli 61. Mimi naona ile safari ya kwenda kwa madaktari inastahili kukumbukwa kuliko ubingwa wa ligi ya vijana ya magharibi mwa Kanada ambao Bombers waliuchukua 1969 na 1970.

Baada ya hapo mambo yakabadilika. Ligi hiyo ya vijana ikasogea magharibi zaidi na kuvuka mpaka wa Marekani, ikaingiza Victoria, Portland, Seattle, na ukiwa Flin Flon hizo safari zinakumaliza hela, viingilio vya uwanja mdogo haviwezi kufidia. Mwaka 1978 nafasi yao kwenye ligi ikauzwa ikahamia Edmonton, mwaka uliofuata ikapelekwa Great Falls kule Montana ambako timu ilivunjika katikati ya msimu.

Mji haukukaa bila hoki. Jina la Bombers likarudi, na 1984 wakaingia ligi ya Saskatchewan, SJHL, ngazi moja chini, timu ikiwa mikononi mwa jamii yenyewe. Wachezaji wanalala kwa familia za mji, basi bado linakula kutwa nzima kwenda Estevan karibu na mpaka wa Marekani, na mashabiki siku za mtoano bado wanarusha barafuni mguu wa moose, mnyama mkubwa sana wa jamii ya kulungu.

Mgodi wenyewe ndio umetangulia. Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilifungwa 2010, na mgodi wa mwisho pale mjini, 777, ukafungwa Juni 2022. Bombers walicheza fainali ya ligi mwaka huo huo, wakacheza tena 2023, wakacheza tena 2024. Zote walipoteza, na sasa wanaolipa ni wenye tiketi.