Frozen Four ni nini? Ubingwa usiohesabu pointi

Msimu wa 2003/04 Arsenal walimaliza Ligi Kuu ya Uingereza bila kufungwa: mechi 38, ushindi 26, sare 12. Kwetu Tanzania Bara, Azam FC nao walitwaa ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mechi hata moja. Hakuna aliyebisha kama walistahili. Ligi ni hesabu. Unajumlisha pointi, unatazama nani yuko juu, unampa kombe lake.

Sasa chukua Arsenal wale wale, wamemaliza mechi ya 38, wanasubiri kukabidhiwa kombe, halafu waambiwe: hongereni, mmetisha, lakini kesho kutwa tunaanza mtoano wa timu nane, na mkifungwa mara moja tu mnarudi nyumbani. Mashabiki wangeandamana. Na wangekuwa na sababu ya kuogopa, maana msimu ule ule Manchester United waliwatoa kwenye nusu fainali ya Kombe la FA, na Chelsea wakawatoa kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Wasiofungika kwenye ligi walifungika vizuri tu kwenye mtoano.

Vyuo vikuu vya Marekani humpata bingwa wao wa hoki ya barafu kwa njia hiyo ya pili. Hatua ya mwisho ya mtoano wao, yaani nusu fainali mbili na fainali, zote katika mji mmoja mwishoni mwa wiki moja, ndiyo huitwa Frozen Four. Neno kwa neno ni "wanne walioganda". Ni utani uliotokana na mpira wa kikapu, ambako timu nne za mwisho huitwa Final Four. Watu wa hoki wakabadilisha neno moja, jina likanoga, na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, kikalifanya rasmi. Hutumika kwa wanaume na kwa wanawake pia. Hapa nazungumzia wanawake, kwa sababu huko ndiko dhana hii ilikoonyesha meno yake yote.

Kwa asiyeujua mchezo: kila upande una wachezaji sita, golikipa akiwemo, wote wamevaa viatu vyenye chuma chembamba chini kama kisu. Badala ya mpira kuna kisahani cheusi kigumu, kinachosukumwa na kupigwa kwa magongo. Vipindi ni vitatu, vya dakika 20 kila kimoja. Mabadiliko ya wachezaji hufanyika mchezo ukiendelea, na hayana idadi. Ukanda wetu haujakosa kabisa: Nairobi kuna kiwanja cha barafu ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Ice Lions. Mwaka 2024 Kenya ilipokewa kwenye shirikisho la dunia la hoki ya barafu.

Turudi vyuoni. NCAA ilianza kuandaa ubingwa wa wanawake mwaka 2001, na Minnesota Duluth wakawa wa kwanza kulibeba kombe, kwa kuwafunga St. Lawrence 4–2. Utaratibu una ngazi tatu. Kwanza kila chuo hucheza ligi ya kanda yake, kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Februari, pamoja na mechi chache dhidi ya vyuo vya kanda nyingine. Ligi ikiisha, kanda hufanya mtoano wake. Kisha ndipo zinaposakwa timu za mashindano ya taifa: baadhi huingia kwa kuwa mabingwa wa kanda, nyingine huteuliwa kwa uzito wa rekodi zao. Zamani zilikuwa timu nane. Tangu 2022 ni 11, ambapo tano bora huruka raundi ya kwanza na sita zilizobaki hugombea nafasi tatu. Mwezi Machi hubaki nne, na hao ndio wanne wetu wa barafuni.

Kwa hiyo mechi zote za majira ya baridi zinakununulia nini? Nafasi ya kuingia, na kama umefanya vizuri sana, nafasi ya kucheza robo fainali kwako. Basi. Hakuna pointi unayobeba kwenda Machi. Aliyeshinda zote na aliyepenya kwa tundu la sindano wanaanza sifuri kwa sifuri.

Hapo ndipo ilipo hadithi ya Minnesota, msimu wa 2012/13. Hao ni Golden Gophers wa Minneapolis, jina la kinyama kidogo kinachochimba mashimo ardhini, ambalo si la kutisha hata kidogo kwa timu iliyotisha namna ile. Kocha alikuwa Brad Frost. Golini alisimama Noora Räty, Mfini, mmoja wa magolikipa bora wa kike duniani wakati huo. Mbele alikuwepo Amanda Kessel, aliyefunga mabao 46 na kutoa pasi za mabao 55. Kwenye hoki vyote viwili huhesabiwa pointi moja moja, kwa hiyo alikuwa na pointi 101 kwa msimu mmoja, na mwaka huo akapewa tuzo ya Patty Kazmaier, inayotolewa kwa mchezaji bora wa kike wa vyuo.

Walicheza mechi 28 za ligi ya kanda yao, WCHA, wakashinda 28. Ukiongeza sita za nje ya kanda, 34. Mtoano wa kanda ukawapa nyingine nne: 38. Sare hakuna. Linganisha na Arsenal, mechi 38 kwa 38, lakini wale walitoka sare mara 12. Na kumbuka WCHA si kanda ya lelemama: mabingwa wote wa taifa tangu 2001 walikuwa wametoka humo.

Ikafika robo fainali, Machi 16, 2013, Ridder Arena, nyumbani kwao. Uwanja huo ulifunguliwa 2002, wa kwanza Marekani kujengwa mahususi kwa ajili ya hoki ya wanawake wa chuo, wenye viti takriban 3,400. Waliokuja ni North Dakota, na miongoni mwao mapacha wawili, Jocelyne na Monique Lamoureux. Wawili hao mwaka wao wa kwanza chuoni walicheza hapo hapo Minnesota, kisha wakahamia kwa jirani. Unajua mwenyewe mechi ya namna hiyo inavyokuwa. Dakika 60 zikaisha 2–2.

Muda wa nyongeza kwenye mtoano wa hoki ya vyuo ni lile bao la dhahabu tulilowahi kuliona kwenye soka: wa kwanza kufunga ameshinda, na mikwaju ya kuamua haipo. Kila kipindi cha nyongeza ni dakika 20 kamili, si 15. Kikiisha bila bao, watu wanakwenda kupumzika, barafu inasawazishwa, wanarudi kuanza kingine. Usiku ule kikaisha cha kwanza, kikaisha cha pili. Yaani walikuwa wameshateleza dakika 100, na rekodi ya 38 kwa sifuri ilikuwa inategemea kisahani kimoja kugonga mguu wa mtu vibaya. Kwenye kipindi cha tatu cha nyongeza Minnesota wakafunga. 3–2.

Mashabiki wao hawajapumua, nusu fainali ikawaletea Boston College. Muda wa nyongeza tena. 3–2 tena. Kati ya mechi tatu za mtoano wa taifa, mbili wangeweza kuzipoteza kwa bao moja, na leo tungekuwa tunawakumbuka kama timu nzuri iliyoishia njiani. Fainali ya Machi 24 dhidi ya Boston University, timu ya Mkanada Marie-Philip Poulin, ndiyo iliyokuwa na nafuu: 6–3. Fainali rahisi kuliko robo fainali! Frozen Four ya mwaka huo ilikuwa imepangwa kufanyika Ridder Arena, kwa hiyo walilipokea kombe mbele ya watu wao.

Rekodi ikasomeka 41–0–0. Kwenye hoki ya Marekani tarakimu hizo husomwa ushindi, vipigo, sare, kwa mpangilio huo, na wengi wetu hukosea kwa kudhani ya katikati ni sare. Katika enzi ya NCAA hakuna timu ya wanawake iliyokuwa imemaliza hivyo kabla yao. Upande wa wanaume ipo moja tu, Cornell ya 1969/70, iliyoshinda 29 kati ya 29.

Msimu uliofuata waliendelea kushinda, hadi mfululizo ukafika mechi 62, ukihesabu na zile nane za mwisho wa 2011/12. Aliyekuja kuukata mwezi Novemba 2013 ni nani? North Dakota. Kipigo hicho kiliandikwa sana magazetini lakini hakikuwagharimu chochote, kwa sababu Novemba, kama nilivyosema, haibebwi kwenda Machi. Kilichowagharimu ni fainali ya 2014, walipofungwa 5–4 na Clarkson, chuo kidogo cha Potsdam, jimbo la New York, timu ya kwanza ya nje ya WCHA kuchukua ubingwa huo.

Mtu atauliza kwa nini wachezaji wa kike walijali ubingwa wa chuo kiasi hicho, badala ya kuutazama kama ngazi tu ya kwenda ligi za kulipwa. Jibu ni kwamba ngazi hiyo ilikuwa haifiki popote. Mwanamume akitoka chuo ana NHL, ligi kubwa ya kulipwa ya wanaume, inamsubiri. Mwanamke alikuwa na timu ya taifa, Olimpiki kila baada ya miaka minne, na ligi ndogo zisizolipa au zinazolipa kidogo. Räty, pamoja na ubora wake wote, alirudi Finland mwaka 2014 akacheza kwenye timu ya wanaume ya daraja la pili. Ligi ya kulipwa yenye misuli, PWHL, imeanza Januari 2024. Kwa wengi waliotangulia, fainali ile ya Machi ndiyo ilikuwa mechi kubwa ya mwisho kuichezea klabu, na wengine walianza kazi za ofisini mwaka huo huo.

Ukitaka kuona mtoano huu unavyoweza kugeuka ndani ya sekunde, itazame fainali ya 2025, hapo hapo Ridder Arena. Wisconsin walikuwa nyuma 3–2 dhidi ya Ohio State, mechi inakwenda ukingoni. Wakaomba waamuzi warudie picha: mchezaji wa Ohio State alikuwa amekifunika kisahani kwa mkono ndani ya eneo la golikipa, jambo lisiloruhusiwa kwa yeyote isipokuwa golikipa. Adhabu yake ni mchezaji mmoja kuteleza peke yake dhidi ya golikipa. Saa ilikuwa imebaki sekunde 18.9. Kirsten Simms akaenda, akafunga. Muda wa nyongeza ulipoanza, haikuchukua hata dakika tatu, Simms huyo huyo akafunga la pili. Wisconsin walikuwa wamefungwa mara moja tu msimu mzima, na nusura hiyo moja iwe mbili.

Lakini mfano ambao mimi huutoa kila nikiulizwa Frozen Four ni nini ni ule wa 2016, na timu ninayoifikiria ni ile iliyoshindwa. Boston College, wale walioangushwa kwa bao la nyongeza mwaka 2013, msimu wa 2015/16 walikuwa wao sasa wenye zamu ya kushinda kila kitu. Walifika fainali, mjini Durham, New Hampshire, wakiwa na ushindi 40 na kipigo sifuri. Wamebakiza mechi moja wawafikie Gophers kwa hesabu ile ile ya 41.

Na mpinzani aliyewasubiri fainali alikuwa Minnesota.

Amanda Kessel alikuwemo. Alikaa nje karibu miaka miwili kwa jeraha la kichwa tangu Olimpiki ya Sochi, akarejea chuoni mwezi Februari tu, wiki chache kabla. Fainali ikaanza, na sekunde ya 13 Minnesota walikuwa wameshafunga. Baadaye Kessel naye akafunga lake. Mwisho 3–1.

Kwa hiyo ukiiangalia orodha ya mwaka 2016 utakuta hivi: Boston College, 40–1–0. Minnesota, waliofungwa mara nne msimu ule na kutoka sare mara moja, na ambao hata ligi ya kanda yao ilichukuliwa na Wisconsin, 35–4–1. Kombe lilipanda ndege kwenda Minneapolis.